Mbabula ya Gazi Iliyokula Muchanga

Miaka zaidi ya thelathini macho yangu yamekula moshi, na hayakulalamika hata siku moja. Mwaka jana yakalalamika yote kwa mara moja. Nilikuwa nafunga liboke, samaki ndani ya majani na pili-pili yake na tomati yake, pale ninapouzishia karibu na biichi, ndiyo bandari yetu ya muto hapa Kisangani, nikaona muteja mmoja ana vichwa viwili. Nikamuuliza kama amekuja na ndugu yake. Akacheka. Mimi sikucheka, maana vichwa vyote viwili vilikuwa vinacheka.

Daktari wa macho alikuwa mwanamuke kijana, rika la kitinda mimba wangu. Aliniangalia na tochi yake ndogo, akasema moshi wa makala, yale makaa ninayopikia, umechubua macho, na nikiendelea kuinama juu ya makala nitapofuka.

"Mama, uchague," akasema. "Moshi ao macho."

Nikamwambia nitachagua nikimaliza kuuzisha samaki za leo. Hakucheka.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya primaire. Ninajua kuandika jina langu na kusoma tarehe juu ya kopo ya tomati. Lakini kwa liboke, kutoka Mangobo ninapokaa mpaka Lubunga ng'ambo ya muto, mutu anayenipita aje nimuone. Watoto sita walikula kwa ile mbabula, jiko langu la makala, wakavaa, wakasoma. Wajukuu kumi na saba wanaendelea kula hapo. Mwenye kuniambia niiache ajue anaongea na nani.

Binti yangu wa pili alikuwa anajua anaongea na nani, na aliniambia. Anakaa Kinshasa, anashona nguo, na ana mudomo kama wangu. Habari ya macho ilimufikia mbele sijarudi nyumbani.

"Mama, inatosha. Uje kwangu. Nitakuwekea kiti kwa baraza, utapumzika."

Kile kiti ninakijua. Nimeona wamama waliowekewa kiti. Asubuhi wanakalishwa, wanaletewa chai, wanaulizwa kama wamelala muzuri, na miaka miwili ikipita kiti ndicho kinawakalia wao.

Tukagombana mwezi muzima. Mwishoni akasema kuna muzungu mumoja anarudi kwao, anauzisha mbabula yake ya gazi, ile gesi ya chupa, ya kuchomea nyama, kubwa kama meza, haina makala. Ataninunulia, atanitumia kwa muto. "Ikiwaka, unabaki na samaki zako. Isipowaka, unapanda ndege, na hatuongei tena." Nikasema sawa. Kaka zake wawili walikuwa wanasikiliza kwa simu, donc neno lilikuwa limefungwa kama ndoa.

Ilikuja na baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini. Ilikaa njiani wiki tano. Niliposikia imefunga kamba nilikimbia biichi na sandali moja imekatika. Boksi lilishuka juu ya kichwa cha mubeba mizigo, limeandikwa kwa rangi nyekundu pande zote. Nikamuuliza imeandikwa nini.

"Fragile, mama. Ni kusema ishikwe polepole."

"Munajuaka kusoma?"

"Tunajuaka."

"Na juu yake mulipanga nini?"

"Chumvi."

"Gunia ngapi?"

Akafikiri. "Chumvi haikuwa mingi. Simenti njo ilikuwa mingi."

Convoyeur, ndiye anayechunga mizigo ya watu ndani ya mashua, alikuja na karatasi yake nitie sahihi. Akasema si kosa lao, muto ulikuwa mukavu, walipanda juu ya muchanga mara tatu, mizigo yote ikarushwa. Nikamwambia muto hauna mikono ya kupanga simenti. Akaangalia ng'ambo.

Tukapasua boksi palepale. Kifuniko kilikuwa kimebonyea, unaweza kukitilia supu. Muguu mumoja haukuwepo, ulibaki mahali gani Mungu anajua. Ndani kulikuwa mabomba mawili ya chuma, marefu kama mukono, yenye matundu madogo madogo ambamo moto unatokea. Moja lilikuwa muzima. La pili lilikunjwa kama kiwiko. Mupira wa kuleta gazi ulipasuka. Magurudumu yake mawili tu hayakuguswa, yalizunguka vizuri kabisa, kama yanatucheka.

Rafiki yangu alikuja kuangalia. Ni mama wa zile familia za Kiislamu za zamani za hapa muji, anakaanga mikate hatua tano kutoka kwangu, na tunatukanana kwa upendo miaka ishirini sasa. Alizunguka ile maiti pole pole, akajifunga kitambaa upya.

"Dada yangu, binti amekutumia mbabula ao amekutumia ajali?"

"Itawaka."

"Ikiwaka, mimi ninakula samaki yako bila kukulipisha mukate."

Nikaipeleka nyumbani Mangobo juu ya toleka, baiskeli ya kubeba watu na vitu, mwenye toleka akisukuma, mimi nikishika nyuma. Watu walisimama kuangalia. Sikuinamisha kichwa.

Sasa ninakuja kwa kosa langu, na ninalisema mimi mwenyewe mbele mutu mwingine hajalisema.

Ile mbabula ilikuwa chafu. Mafuta ya nyama ya muzungu yaliganda ndani miaka na miaka, meusi kama lami. Nilijiambia hata mugonjwa anaogeshwa mbele ya kupelekwa kwa daktari. Mama yangu kule Isangi alitufundisha kwamba sufuria ya mwanamuke ndiyo uso wake. Jirani hataingia ndani ya moyo wako, lakini sufuria zako anaziona zimegeuzwa juani, na anajua yote. Na sufuria inaoshwa na muchanga wa muto na majivu, kwa jani kavu la ndizi, mpaka uone meno yako ndani yake. Sabuni ni ya nguo.

Nikasugua kifuniko. Nikasugua tumbo. Nikachomoa yale mabomba mawili, nikayafanya vile tunafanyaka chupa ya mafuta ya mawese ikinuka: nikatia muchanga na majivu na maji ndani kwa mudomo mukubwa wa bomba, nikaziba na kiganja, nikatikisa kwa nguvu, nikamwaga. Nikatikisa tena. Jioni ile chuma iling'aa kuliko siku ilipotoka dukani. Nililala nikijisifu.

Asubuhi nikaipeleka kwa fundi pale kwenye kona yetu. Ni papa, baba mutu muzima wa umri wangu. Zamani alikuwa anatengeneza toleka, halafu pikipiki zikaja kula toleka, na sisi hapa pikipiki tunaiita moto. Kwa hiyo kibao chake kimeandikwa: FUNDI WA MOTO.

Aliiangalia, akainua mikono. "Mama, hii sijaifunguaka tangu nizaliwe."

"Kibao chako kinasema wewe ni fundi wa moto."

"Moto ya magurudumu, mama."

"Hii iko na magurudumu mawili, na inatoa moto. Unataka nini tena?"

Akaangalia magurudumu. Akaangalia kibao. Akachukua nyundo.

Kazi aliyoifanya ilinishikisha adabu. Kifuniko alikilaza juu ya kipande cha reli, akakigonga kwa ndani polepole, pigo dogo dogo, mpaka tumbo lake likarudi. Muguu aliutoa kwenye fremu ya baiskeli iliyokufa, akauchomelea. Mupira mupya na détendeur, kile kichwa kinachofungwa juu ya chupa ya gazi, tulivipata kule muji wanakouzisha gazi. Lile bomba lililokunjwa alilijaribu, likapasuka. "Hili limekufa," akasema. Akaziba mahali pake kwa chuma. "Tutaishi na moja. Hata mimi niko na jicho moja linaloona mbali."

Jumamosi muchana tukaiwasha mbele ya duka lake. Rafiki yangu alikuja na beseni yake ya mikate kichwani. Binti yangu alikuwa ndani ya simu, uso wake wote, anatuangalia kutoka Kinshasa. Fundi akafungua gazi, akaleta kiberiti kwenye kijiti kirefu.

Ikasema puu. Ulimi mumoja wa moto, manjano, mulegevu, ukatoka kwa upande, ukarudi nyuma kwenye kitufe cha kufungulia gazi, ukanuka vibaya. Fundi akafunga chupa haraka. Tukangoja. Akajaribu tena, ikawa vile vile.

"Haipumui," akasema.

 Ndani ya simu binti yangu akasema polepole, "Mama, umeona. Nitaangalia tiketi wiki hii." Ule upole ndio uliniuma. Akipiga kelele ninajua kumujibu. Nilitazama ile chuma inayong'aa, nikaona samaki zangu zimekwisha, nikaona mama mwingine anaweka meza yake mahali pangu kwa biichi kesho yake, na pengine hata hajui kufunga jani.

Fundi hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amechomoa bomba, analigonga juu ya kiganja chake. Likatema muchanga kidogo. Akaligonga tena. Muchanga.

"Mama, muchanga huu umetoka wapi?"

Nilijua palepale. Mwili muzima ulijua. Lakini mudomo wangu ulikimbia mbele yangu.

"Kwa muto," nikasema. "Convoyeur mwenyewe alisema walipanda juu ya muchanga mara tatu."

Binti yangu akawaka kuliko mbabula. Aliwatukana watu wa mashua, na baba zao, na waliochonga ile mashua, na anajua kutukana, hiyo kazi alijifunza kwangu. Nilianza kusikia raha kidogo.

Fundi alikuwa anasugua ule muchanga kati ya vidole viwili. Akaunusa.

"Mama, muto wetu unapikaka?"

"Kusema nini?"

"Muchanga huu uko na majivu."

Binti yangu akakata tukano katikati. Rafiki yangu akashusha beseni yake chini, na yeye hashushi beseni kwa bure.

"Dada yangu," akasema, "sema tu. Tuko na kazi."

Nilitafuta pa kupitia. Hapakuwa.

"Niliiosha," nikasema.

"Na nini?"

"Kama chupa."

Fundi hakucheka, na kwa hiyo ninamuheshimu mpaka leo. Rafiki yangu alicheka sehemu yake na ya fundi, akashika muguu wa mbabula asianguke. Ndani ya simu nikasikia, "Mama. Uliosha mbabula ya gazi na muchanga."

"Na majivu," nikasema. Ukiamua kusema kweli, ulete yote.

Nilingoja anirukie. Nikasikia sauti kama kikohozi, kumbe anacheka na anajizuia. "Unakumbuka ile poêle nyeusi niliyopewa kwa harusi, ya kukaanga mayai bila kushikamana chini? Uliisugua mpaka ikawa nyeupe. Ukanirudishia ukasema, binti yangu, ilikuwa chafu sana, niliteseka."

"Ilikuwa chafu."

"Ilikuwa nyeusi, mama. Ilizaliwa nyeusi." Akapangusa macho. "Bon. Ninakupa mpaka Jumamosi ingine. Tiketi sikati mpaka siku hiyo. Mais ikikataa, mama, neno ni lile lile."

Majivu na muchanga na maji, vikikauka pamoja, ni simenti. Mimi niliyewatukana watu wa simenti nilitengeneza yangu, nikaijaza ndani ya bomba moja lililobaki. Fundi akachomoa waya mumoja wa gurudumu la baiskeli, akaunoa juu ya jiwe mpaka ncha ikawa nyembamba kama mwiba wa samaki. Akanipa.

"Aliyetia ndiye anatoa. Tundu moja moja. Usilipanue, usisukume kwa hasira."

"Papa, matundu siyaoni. Kwa macho haya ninaona mustari tu."

"Nani amekuambia uangalie? Ile mifupa ya samaki unayotoleaka wajukuu, unaitoa na macho?"

Siku tatu nilikaa na lile bomba juu ya mapaja. Kidole cha kushoto kinatafuta, mukono wa kulia unaingiza waya. Kidole kilijua. Tundu lililofunguka linakuwa na ubaridi kidogo, lililoziba ni laini tu kama kovu. Kila nikimaliza mustari, fundi anafunga pompi ya baiskeli kwenye mudomo mukubwa na kitambaa, anapiga upepo, na muchanga unaruka nje kama kumbikumbi wa kwanza wa mvua. Siku ya pili waya ulinichoma chini ya ukucha, nikaitukana mbabula kwa Kiswahili, kwa Lingala, na kwa lugha ya mama yangu. Wateja wa fundi waliniuliza natengeneza filimbi. Siku ya tatu upepo ulipita safi. Matundu mawili tu yalikataa mpaka mwisho, nikayaacha, kila familia ina watoto wake.

Tukalikausha juani siku nzima. Jumamosi fundi alipaka povu la sabuni kwenye kila muunganiko wa mupira, vile anatafutaka tundu ya gurudumu. Mahali pamoja povu likavimba. Akakaza kwa ufunguo, akapaka tena, likalala. Ndipo akaomba kiberiti. 

Moto ulipita kutoka tundu mpaka tundu bila kelele, wa buluu, mufupi, umejipanga kama meno ya mutoto, na mapengo mawili katikati.  

Rafiki yangu ndiye alianza. "Samaki ya gazi ni samaki ya hospitali. Haitakuwa na harufu."

Hilo nilikuwa ninaliogopa mimi pia, sikumwambia mutu. Makala inaingia ndani ya samaki, gazi itaingiza nini? Nikaweka maboke mane niliyofunga asubuhi, samaki mboto wawili na ngolo wawili, waliopandishwa na wamama wa Yanonge alfajiri. Nikashusha kifuniko. Nikangoja kama mutu anangoja matokeo ya watoto. Kisha harufu ikatoka, na ilikuwa ya majani. Jani liliungua kwa pembeni, likampa samaki kile ambacho limempa siku zote, na nikaelewa kwamba miaka yote nilikuwa nasifu makala kwa kazi ya jani. Moshi ulikuwepo, sitadanganya tena, lakini mudogo, na kifuniko kiliumeza karibu wote.

Fundi alikula wa kwanza, kwa mikono, na kipande cha kwanga, mukate wetu wa muhogo. Akakunja jani lake vizuri, akaomba lingine. Rafiki yangu alikula muzima wake mpaka kichwa, akanyonya macho, akapangusa vidole.

"Chumvi kidogo," akasema. Kwake yeye hiyo ni sifa. Mikate hakunilipisha siku ile.

Nikaielekeza simu kwenye moto ili binti yangu aone vizuri. "Umeona? Inawaka."

"Nimeona moto, mama. Geuza simu nione macho yako."

Nikaigeuza. Aliangalia muda murefu. Sijazoea mutoto wangu kuniangalia vile.

"Ni mekundu."

"Hayo ni ya zamani. Yape mwezi."

"Mwezi mumoja," akasema. "Halafu unarudi kwa daktari, na mimi ninaongea naye mwenyewe, si wewe unanielezea." Akavuta pumzi. "Bon. Baki na samaki zako."

Nilibaki. Kila asubuhi mwenye toleka ananisukumia mbabula yangu mpaka biichi, na mimi nafuata na majani. Kuna wiki gazi haipatikani muji. Hizo siku siwashi makala, hata wateja wakiniomba. Ninauzisha kwanga na lituma ya ndizi niliyotwangiwa nyumbani, na ninawaambia warudi. Wanarudi. Wamama wengine wa samaki walinicheka mwanzo, sasa wawili wananiuliza kama pale Kinshasa kuna wazungu wengine wanaorudi kwao.

Mwezi ulipoisha nikaenda kwa yule daktari kijana. Binti yangu alikuwa ndani ya simu juu ya meza, kama alivyosema. Daktari alivuta kope, akawasha tochi, akaangalia jicho moja kisha lingine, akarudi kwa lile la kwanza.

"Kidonda hakijakwisha," akasema. "Lakini hakijaongezeka. Kwa pembeni kimeanza kufunga." Akaniuliza nimeacha kazi.

"Nimeacha makala."

Binti yangu akamuuliza maswali mengi, ya haki na ya bure, naye akajibu yote. Mwishoni akaandika karatasi ya kurudi baada ya miezi mitatu, na aliponipa nikaona ana kichwa kimoja tu, na hereni ndogo za shaba. Nikamuuliza kama anakulaka liboke. Akasema anapenda capitaine, ile samaki kubwa ya muto, lakini hapati nafasi ya kushuka biichi.

Kesho yake nilimufungia capitaine mumoja wa kumupelekea kazini, mugongo munene, na pili-pili pembeni ndani ya jani lake, maana bado sikujua mudomo wake unavumilia ukali gani.